Kuchora kwa matabaka ya nta: mwongozo kwa mwenye picha za zamani na swali la "kwenu wapi"

Mtu akiniuliza "kwenu wapi?" huwa nakaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Mama yangu ni wa kisiwa cha Ukara, baba ni wa Muleba, na mimi nimezaliwa na kukulia Igogo, hapa Mwanza. Nikiwa mjini nasema kwetu Ukara. Nikifika Ukara, watoto wananifuata nyuma wakisema mgeni wa Mwanza amekuja. Muleba nimefika mara tatu, zote kwa misiba.

Bibi mzaa mama alipofariki nilikabidhiwa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha nne, kipande cha kanga kilichochanwa kwa mkono, tiketi ya meli iliyofifia, na kurasa sita za daftari zenye hesabu zake za dagaa. Nilikaa na bahasha ile mwaka mzima. Kuzitia picha kwenye fremu niliona ni kama kusema mambo yamekwisha, na kuziacha kabatini ni kuwalisha mende. Nilipojifunza kuchora kwa nta ya moto ndipo nikapata pa kuviweka. Ndani ya nta kitu hakipotei, wala hakionekani chote. Unakifunika, na siku ukikitaka unakwangua taratibu mpaka ukutane nacho tena.

Huu ndio mwongozo wa kazi hiyo, jinsi ninavyoifanya kwa vitu vinavyopatikana Mwanza. Kama unaijua batiki, mikono yako tayari imeizoea nta. Tofauti ni kwamba kwenye batiki nta huzuia rangi isiingie kitambaani, kisha mwishoni huchemshwa ikatoka. Hapa haitoki. Nta ndiyo rangi, ndiyo gundi, ndiyo kioo cha kufunikia.

Kazi yenyewe ni ya kale sana. Wagiriki waliipa jina lenye maana ya kuunguza ndani, kwa sababu kila tabaka hupashwa moto lishikamane na la chini yake. Michoro ya nta inayojulikana zaidi ni nyuso za Fayum, Misri, zilizochorwa juu ya mbao nyembamba kati ya karne ya 1 na ya 3, zikalazwa juu ya nyuso za maiti waliohifadhiwa. Miaka karibu elfu mbili imepita na macho yale bado yanakutazama. Fayum hunyweshwa na Mto Nile, na Nile hubeba maji ya ziwa letu la Victoria yanapotoka pale Jinja. Nikiwa ninachora jioni na ziwa liko chini ya mlima, hilo hunijia kila mara. Karibu na zama zetu, Mmarekani Jasper Johns aliichora bendera ya nchi yake kwa nta mwaka 1954 na 1955, akaweka vipande vya magazeti chini ya rangi. Ukisogea karibu unayaona maandishi chini ya mistari. Swali lake na langu naona yanakaribiana.

Hatua ya 1: Tafuta nta halisi, uisafishe

Unahitaji nta ya nyuki. Mishumaa ya dukani ni ya parafini. Ikikaa ubaoni inapasuka na kubanduka vipande. Nta nzuri inayofika Mwanza hutoka Tabora na misitu yake ya miombo, na wauza asali wengi wanaweza kukuagizia hata kama hawaiweki mezani. Kuijua si kazi ngumu: inanukia asali, ukiifinyanga kiganjani inalainika bila kunata sana, na ukiivunja, pale ilipovunjika panaonyesha chembechembe. Kilo moja inatosha mbao mbili au tatu zenye ukubwa wa karatasi ya A3.

Nta ya kijijini huja na uchafu: miguu ya nyuki, majani, asali iliyobaki. Weka maji kwenye sufuria, ya mvua ukiyapata, tia nta, pasha moto mdogo mpaka iyeyuke yote, kisha chuja kwa kipande cha kanga kuukuu kuingia chombo kingine. Acha ipoe usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi utakuta kigae cha nta kinaelea juu ya maji machafu. Kitoe, kikwangue tope la chini, kikaushe kabisa. Nasema kabisa, kwa sababu nta yenye maji ikipata moto inaruka kama mafuta ya kukaangia samaki aliyelowa. Rudia mara mbili kama bado ni chafu.

Tumia sufuria ya alumini au ya chuma cha pua. Chuma cha kawaida, shaba na ndoo ya bati huitia nta weusi usiotoka.

Wengine huipausha nta juani ili iwe nyeupe. Mimi siipaushi. Umanjano wake ndio umanjano wa picha za zamani, na ukiuondoa utahangaika baadaye kuurudisha kwa rangi.

Hatua ya 2: Jiko lako liwe la maji

Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi. Ya kuchorea inataka nyuzi 80 hivi, na ikivuka 93 inaanza kutoa moshi unaowasha macho na kuumiza kifua. Huna haja ya kipimajoto cha bei. Chukua sufuria pana, weka maji ya kina cha vidole vitatu, ndani yake panga makopo madogo yenye nta, moja kwa kila rangi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Maana yake ni kwamba nta iliyo ndani ya kopo haiwezi kupita hapo hata ukijisahau, na ukiyaacha maji yafuke mvuke tu bila kutokota, inabaki mahali salama, chini ya 93. Hatari inakuja maji yakikauka, kwa hiyo weka birika karibu na uongeze.

Utasikia watu wakisema lazima uchanganye nta na damari, utomvu wa miti ya Kusini-mashariki mwa Asia, ili iwe ngumu. Kwa kawaida sehemu nane za nta kwa moja ya utomvu. Ni kweli inaifanya iwe ngumu. Lakini utomvu huo unahitaji joto linalopita nyuzi 100 ili uyeyuke, joto ambalo jiko la maji halifiki, na mtu wa kufanya kazi uani hana sababu ya kujitafutia moto wa kiasi hicho. Nta tupu inatosha. Uso wake ni laini kidogo, basi utautunza zaidi.

Jiko la umeme la koili ndilo linalofaa. La mkaa usilitumie ndani ya chumba hata mara moja. Moshi wake usioonekana unaua. Fanya kazi mlangoni au barazani, upepo wa ziwa upite. Weka mfuniko wa sufuria mkononi tangu mwanzo. Nta ikishika moto unafunika na kuzima jiko, basi. Usimwagie maji, kwa sababu maji yataurusha moto hadi darini. Ikikuunguza, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na nta iliyogandia ngozini usiing'oe kwa nguvu. Watoto na kuku wakae mbali.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usihangaike. Nta itaganda, na utakaporudi utaiyeyusha tena kama ilivyokuwa.

Hatua ya 3: Ubao

Nenda kwa seremala uombe kipande cha plaiwudi cha milimita 12 au zaidi, kisichopakwa chochote. Nta haipendi kitu kinachopinda, kwa hiyo turubai iliyotandwa kwenye fremu haifai. Haipendi pia plastiki. Rangi ya ukutani ya maji, ambayo wengi wetu tumezoea kuitanguliza kwenye kila ubao, huacha ngozi inayoizuia nta kuzama, na baada ya miezi kazi yako yote itabanduka kama ganda. Piga msasa, futa vumbi, acha mti wazi. Ukitaka pawe peupe, gundisha karatasi nzito inayonyonya au kitambaa cha amerikani kwa gundi ya mbao kidogo sana upande wa nyuma, ili uso wa mbele ubaki mkavu.

Hatua ya 4: Fungua bahasha

Hapa ndipo ninapotaka utulie. Watu huharakia moto na brashi, kisha wanajaza ubao vitu vizuri visivyo na habari.

Mwaga ulichonacho mezani. Picha, kadi ya kliniki, stakabadhi ya ada, barua, tiketi ya kivuko, kipande cha nguo. Kama huna kitu, na familia nyingi zilizohama hazina, nenda kachukue alama za mahali: mchoro wa penseli wa mlango wa nyumba mliyopanga, udongo wa uani, umbo la miamba unayoiona dirishani. Mimi niliwahi kulaza karatasi nyembamba juu ya jiwe la Mabatini nikalisugua kwa mkaa, na karatasi ile imeingia kwenye kazi tatu.

Kisha muulize aliye hai. Kaa na mama, shangazi, babu, mwonyeshe kitu kimoja kimoja na unyamaze. Andika anachosema, hata kama anakwenda nje ya mada. Shangazi yangu alipoiona tiketi ya meli hakusema neno juu ya safari. Alizungumzia viatu alivyoazimwa ili apande melini. Viatu hivyo sasa viko ubaoni, nimevichora kwa msumari pembe ya chini.

Chagua vitu vitatu. Vinne ni vingi. Mimi kwa ubao wa bibi nilichukua ukurasa mmoja wa hesabu, kipande cha kanga, na picha moja akiwa amesimama ufukweni.

Kuna kumbukumbu zisizo zako peke yako. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, iliacha majina kwenye nyumba nyingi za kando ya ziwa hili, na makaburi ya pamoja yako pale Igoma. Ukikuta picha ya mtu wa safari ile ndani ya bahasha ya familia, usiitumie kabla hujaongea na wanaomlilia. Wakikataa, iache. Kuna nafasi ya kuacha mahali tupu kwenye ubao, na patupu pakifunikwa na nta nayo huonekana.

Na usitumie kamwe picha yenyewe. Hili nimelilipia. Picha ya kwanza ya bibi niliizamisha nzima kwenye nta. Karatasi ya picha ina utando wa plastiki. Nta haikuingia, joto likaitia malengelenge, na nilipojaribu kuiokoa uso wake uliondoka na wembe. Nilibaki na picha tatu. Toa kopi, na asili zirudishe kwenye bahasha.

Hatua ya 5: Tabaka la kwanza

Pasha ubao kwanza uwe na joto la kiganja. Bloa ya hewa moto, ile ya mafundi wanaobandika tinti za magari, ndiyo bora. Draya ya nywele haina joto la kutosha, na upepo wake unaisukuma nta. Bloa inakula umeme wa wati 1,500 hadi 2,000, kwa hiyo usiichomeke kwenye ekstensheni moja na jiko.

Brashi iwe ya nywele za mnyama. Ya nailoni itajikunja kama nywele zilizoungua. Chovya, pitisha mara moja kuelekea upande mmoja, chovya tena. Nta inaganda mara brashi inapogusa ubao, hivyo mistari yako haitanyooka, na usijaribu kuirudia-rudia. Tabaka la kwanza liwe la nta tupu isiyo na rangi. Pasha mpaka izame kwenye mti na ubao uonekane umelowa, kisha paka la pili kwa mkono ulioelekea upande mwingine.

Hatua ya 6: Kuunganisha

Kila tabaka unalopaka lazima uliunganishe na la chini kwa moto kabla ya kuendelea. Hii ndiyo sheria moja isiyo na msamaha. Shika bloa sentimita 15 hadi 20 kutoka ubaoni, izungushe bila kusimama, na tazama uso wa nta. Kwanza utaona ukavu. Halafu utaona mng'ao unaotembea, kama jua linavyotembea juu ya maji tulivu asubuhi. Mng'ao ukifika mahali, ondoka hapo. Ukikawia, nta yote inakuwa kimiminika na vitu vyako vinaanza kuogelea. Ukiwahi mno, matabaka hayashiki. Siku moja ukucha utaingia katikati na yatafunguka kama maganda ya kitunguu.

Fanya zoezi hili kwenye kipande cha mbao cha kutupa. Paka matabaka matano, unganisha, acha yapoe, kisha jaribu kuyatenganisha kwa kisu. Mpaka siku yatakapokataa, usiguse bahasha.

Huna bloa? Pasi ya zamani isiyo na mvuke inaweza, ikiwekwa kwenye joto dogo na kupitishwa juu ya nta kwa wepesi. Inafuta alama za brashi na kuuacha uso bapa. Pasi hiyo haitarudi tena kwenye nguo.

Hatua ya 7: Kuzika karatasi na kitambaa

Chovya karatasi kwenye nta iliyoyeyuka, iache idondoshe, ilaze ubaoni palipopashwa, ikandamize kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kisha funika kwa nta na uunganishe. Karatasi nyembamba inakuwa kama kioo.

Sikulitegemea jambo lililofuata. Bibi aliandika pande zote mbili za ukurasa, kwa kalamu ya wino wa bluu. Nilitoa kopi ya pande zote mbili kwenye karatasi moja nyembamba, mbele na nyuma, kama alivyofanya yeye. Ilipoingia kwenye nta, upande wa nyuma ulijitokeza mbele. Debe 3 za mwezi mmoja zikakaa juu ya sado 2 za mwezi mwingine. Herufi "M" iliyo mwanzoni mwa kila mstari ikawa na kivuli chake kilichogeuka. Ilikuwa ni mara ya kwanza kuiona kazi yake ya mwaka mzima kwa mtazamo mmoja. M ile niliichukua kuwa ni Mwanza, nikavunja sheria yangu ya vitu vitatu, nikaweka kipande cha tiketi kando yake ili kuonyesha alivyokuwa akivuka.

Kopi ya kuzika iwe ya mashine ya wino wa unga, ile ya kawaida ya steshenari. Kitambaa kiwe pamba tupu. Kanga na kitenge cha pamba hunyonya vizuri, cha poliesta hakinyonyi. Ukizika kanga yenye jina, fikiria maneno gani yatabaki yakisomeka. Kwangu limebaki neno moja na nusu, na nusu hiyo sikuiondoa.

Vitu vya samaki, magamba au mifupa mibichi, visiingie. Vina mafuta na vinaoza. Mchanga wa ufukweni unafaa ukiuosha na kuukausha juani siku nzima.

Hatua ya 8: Kuhamisha uso wa mtu

Ukitaka picha ikae juu ya nta bila karatasi, subiri ubao upoe mpaka uwe vuguvugu tu, usionate kidole. Lalisha kopi kifudifudi. Sugua mgongo wake kwa kijiko kwa nguvu, dakika tatu au nne, kila pembe. Kisha lowesha karatasi kwa kitambaa cha maji, subiri inywe, na uanze kuisugua kwa kidole. Karatasi itajikunja vipande vidogo na kutoka, wino utabaki kwenye nta.

Picha itageuka, kushoto kuwa kulia. Kwa maandishi au sura unayotaka iwe sahihi, mwambie mtu wa steshenari aigeuze kabla ya kutoa kopi. Pale ambapo wino haukushika patabaki tundu. Bibi yangu ana tundu begani. Nilitaka kurudia, mama akanizuia, akasema bega hilo ndilo alilobebea.

Acha maji yakauke kabisa, halafu unganisha kwa joto dogo mno. Wino unakaa juu juu. Joto likizidi uso wa mtu unapasuka na kusambaa.

Hatua ya 9: Rangi, na alama ya wavu

Rangi za unga unachanganya mwenyewe kwenye makopo: anza na kipimo kimoja cha unga kwa kumi vya nta, koroga, jaribu kwenye karatasi. Oksaidi nyekundu ya sakafu, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, ni rangi nzuri isiyopauka. Udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa chembamba unatoa rangi ya kuta za vijijini. Nyeusi ninaipata kwenye mkaa uliosagwa na masizi ya koroboi. Funika pua na mdomo unapopima unga, na kaa mbali na rangi zenye risasi.

Usipake rangi nzito juu ya kila kitu. Nta yenye rangi kidogo sana, unayoona ukurasa chini yake, ndiyo inayoleta umbali wa miaka.

Wavu wa dagaa uliochakaa, wenye matundu madogo, ni chombo nilichokipata Kirumba na sitaki kukiacha. Usiuzike, kwa sababu bloa itauyeyusha. Pasha nta iwe laini, laza wavu, ukandamize kwa ubao bapa, uutoe taratibu. Unabaki na maelfu ya mistari midogo. Ikipoa, jaza mistari hiyo kwa nta nyeusi, acha igande, kisha kwangua juu mpaka uso uwe bapa tena. Weusi unabaki ndani ya mistari tu. Ubao mzima unakuwa umevikwa wavu uliokwisha kuondoka. Kwa njia hiyo hiyo unaweza kuchora kwa msumari au shazia ya kushonea magunia, ukajaza mchoro wako.

Hatua ya 10: Kukwangua

Kufikia hapa una matabaka manane hadi kumi na mawili na umezika mengi. Sasa unatafuta. Nta ikiwa vuguvugu, tumia kijiko cha chai au ukingo wa kisu cha mezani, vuta kuelekea kwako unyoya mwembamba mmoja mmoja. Wembe utumie mahali padogo tu. Mabaki yote yarudishe kwenye kopo. Yatakuwa rangi ya kijivu nzuri ya mbingu ya masika.

Usifunue kila kitu. Ninajiwekea kipimo hiki: mgeni akisimama hatua tatu aone mtu yupo, akisogea aone ameandika, na kile cha tatu akione yule tu aliyekijua. Kwenye ubao wa bibi, cha tatu ni kanga.

Kumaliza na kutunza

Kwangua kingo za ubao, piga msasa, weka ndoano nyuma. Baada ya wiki chache nta hutoa ukungu mweupe juu. Haijaharibika. Sugua kwa kitambaa laini cha pamba kwa mzunguko, mng'ao unarudi. Itaendelea kukaza kwa miezi kadhaa.

Tundika ukuta usiopigwa na jua la mchana na usio karibu na jiko. Chumba chenye bati bila dari kinapata joto la kuilainisha nta, hivyo ubao ukae chini kidogo, mbali na paa. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ukiisafirisha kwa basi, ifunge kwa karatasi ya kuokea keki kisha kitambaa, wala usitumie plastiki ya vipovu kwa sababu kila kipovu kitaacha alama. Panda basi la usiku, na uipakate.

Ubao wa bibi uko sebuleni kwa mama, Igogo. Anaufuta kila Jumamosi kwa kitambaa cha kanga. Mwezi uliopita alisimama mbele yake muda mrefu akiwa na kitambaa mkononi, kisha akaniita. "Mwanangu, hii M siyo Mwanza. Mama alikuja Mwanza mara mbili tu maisha yake yote. Ni Murutunguru. Alikuwa anavuka mpaka Bugolora, kule Ukerewe, na dagaa wake, halafu baiskeli mpaka Murutunguru."

Nta inakubali kufunguliwa. Pasha sehemu unayotaka tu, ukizingira kandokando kwa karatasi ya fedha ya jikoni ili joto lisisambae, kisha ondoa tabaka moja moja kwa kijiko mpaka ufike pa kurekebisha. Jana nimefika kwenye tiketi. Imetoka nzima. Mama ameshanichorea kwa penseli, nyuma ya kalenda, njia ya kutoka Bugolora, na miembe miwili ambapo bibi alikuwa anapumzika.